Nani Akate Majani ya Nyumbani?

Mvua za masika zikishaanza kunyesha Tanga, majani hayamngoji mtu. Wiki ya kwanza ukoka umeamka, wiki ya pili umefunika njia ya kwenda bombani, na wiki ya tatu mtoto akipoteza mpira inambidi autafute kwa fimbo. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena wakati wa vuli kati ya Oktoba na Desemba, kila mama mwenye nyumba kuanzia Sahare hadi Mikanjuni, na kuanzia Muheza hadi Pangani, anajua kwamba suala la nani atakata majani litazungumzwa tu.

Siku hizi suala hilo limepata mgeni. Ndugu na watoto wetu walioko Ulaya wanatutumia picha kwa simu: kimashine chenye umbo la kobe kinatembea chenyewe juu ya majani. Hakuna mtu anayekisukuma, hakina moshi, na kikiishiwa nguvu kinarudi chenyewe kwenye umeme. Wapo akina baba ambao wakiiona picha hiyo mara moja tu huanza kuulizia bei. Na wapo akina mama wanaojiuliza mengine: Je, watoto wetu watakuwa salama? Umeme ukikatika itakuwaje? Na yule kijana anayekuja kutufyekea kila mwezi, yeye atakula wapi?

Msomaji mpendwa, maswali hayo yote yana maana. Katika makala hii tutaitazama roboti hiyo na jinsi inavyofanya kazi, kisha tutalitazama fyekeo letu na mashine ya petroli, ili wewe na mwenzio mtakapoamua, mwamue mkiwa mnajua.

MCHANGA ULIOFAGIWA NA BUSTANI YA UKOKA

Bibi zetu wa pwani hawakusumbuliwa sana na jambo hili. Uwanja wa nyumba ya Mdigo, Mbondei au Msegeju ulikuwa mchanga mtupu. Alfajiri mama au binti yake aliufagia kwa ufagio wa chelewa mpaka ukaonyesha mistari, na jani lililothubutu kuchipua lilipaliliwa kwa jembe. Uwanja wa namna hiyo una faida zake. Nyoka akipita usiku huacha alama, na asubuhi mwenye nyumba hujua. Nafaka huanikwa, watoto hucheza, mgeni hutandikiwa mkeka. Hasara yake ni vumbi wakati wa kiangazi, na mvua kubwa huubeba udongo mpaka msingi wa nyumba ukabaki wazi.

Bustani ya majani yaliyokatwa chini ilikuja na wageni. Wajerumani waliotawala hapa mpaka walipoondolewa Tanga mwaka 1916, na Waingereza waliowafuata, walipenda kukaa Raskazone na Bombo, mahali penye upepo wa bahari. Nyumba zao zilikuwa na viwanja vikubwa, nao walitaka mbele ya nyumba pafanane na kwao. Aliyefyeka hakuwa mwenye nyumba bali mtumishi aliyeitwa shamba boi. Baada ya Uhuru nyumba zile zilipata wakazi wengine, lakini mapenzi ya bustani yalibaki na kuenea mitaani. Leo mtu akimaliza kujenga, hata kama kiwanja ni kidogo, atapanda ukoka au majani ya Pemba, yale yenye jani pana yanayotambaa na kustahimili kivuli.

Wala si jambo baya. Majani huushika udongo, hupunguza vumbi na joto, na mtoto akianguka hachubuki sana. Lakini bustani ni kama mtoto mchanga. Ukishaikaribisha nyumbani umejitwika kazi ya kila wiki. Hapo ndipo mashine zinapoingia.

MASHINE ILIKOTOKA

Mashine ya kwanza ya kukatia majani ilibuniwa Uingereza mwaka 1830 na fundi aliyeitwa Edwin Budding, katika eneo la Stroud lililokuwa na viwanda vya nguo. Viwandani humo alikuwa ameona mashine yenye visu vinavyozunguka, ambayo kazi yake ilikuwa kunyoa manyoya ya juu ya kitambaa cha sufu kiwe laini. Akawaza: kama kitambaa kinanyolewa, kwa nini majani yasinyolewe? Kwa hiyo jambo hili lilitoka kwenye nguo, mahali ambapo akina mama hatupo mbali napo. Baadaye zikaja mashine za petroli, kisha za umeme.

Mwaka 1995 kampuni ya Husqvarna ya Sweden ilitoa roboti ya kukata majani ya kuuzwa madukani. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1689 kama kiwanda cha bunduki, na kuanzia mwaka 1872 ikatengeneza vyerehani. Huenda baadhi ya wasomaji wamewahi kushonea cherehani chenye jina hilo. Roboti yao ya mwanzo ilitumia nguvu ya jua. Tangu hapo kampuni nyingine nyingi zimeingia katika biashara hiyo, na katika nchi kama Sweden na Ujerumani roboti hizo zimekuwa jambo la kawaida mitaani.

INAVYOFANYA KAZI

Ukiigeuza roboti hiyo, chini yake utaona sahani inayozunguka, na kwenye ukingo wa sahani kuna visu vidogo vyembamba kama nyembe, mara nyingi vitatu. Haikati majani marefu kwa mkupuo kama fyekeo. Hupita mara kwa mara, pengine kila siku, na kila ikipita hunyoa ncha tu. Vipande vinavyokatwa ni vidogo sana, huanguka katikati ya majani na kuoza hapo hapo vikawa mbolea. Kwa hiyo hakuna kukusanya wala kutupa.

Inajuaje mipaka yake? Katika aina za kawaida, waya mwembamba huzungushwa ukingoni mwa bustani, juu ya ardhi au chini kidogo ya udongo. Waya huo hupitisha umeme hafifu. Roboti ikiukaribia huuhisi, ikageuka na kurudi. Aina mpya zaidi hazihitaji waya; zinaongozwa na setilaiti au kamera. Betri ikipungua, roboti hurudi kwenye kituo chake kujichaji. Umeme inaotumia ni kidogo kuliko wa pasi au jiko, na kelele zake ni ndogo sana kuliko za mashine ya petroli. Mtoto aliyelala chumbani hatashtuka.

Imewekewa pia ulinzi. Ukiinyanyua au ikipinduka, visu husimama. Ikigonga mti hurudi nyuma. Nyingi zina namba ya siri, ili mwizi akiichukua asiweze kuiwasha. Mpaka hapo utasema ni mtumishi asiye na kasoro. Tusogee mbele kidogo.

WATOTO NA WANYAMA

Mwaka 2021 watafiti wa Denmark na Uingereza walitoa matokeo ya majaribio waliyofanya kwa roboti za aina 18. Walichukua kalunguyeye waliokwisha kufa, wakawalaza kwenye njia ya mashine hizo, wakatazama nini kitatokea. Hakuna hata moja iliyomtambua mnyama bila kumgusa kwanza. Baadhi zilimgusa zikageuka bila kumdhuru, lakini nyingine zilimkata. Wale watoto wa kalunguyeye, kwa udogo wao, hawakutambuliwa kabisa.

Kalunguyeye hutembea usiku, na akiona hatari hakimbii, hujikunja tu. Ndiyo sababu mwaka 2024 jiji la Köln huko Ujerumani lilipiga marufuku roboti hizo kufanya kazi usiku. Hata kabla ya hapo sheria ya Ujerumani ilikuwa tayari imezuia mashine za kukata majani katika maeneo ya makazi siku za Jumapili na sikukuu, na siku za kazi kuanzia saa 2 usiku hadi saa 1 asubuhi, kwa ajili ya kelele. Wenzetu walioizoea mashine hii kwa miaka thelathini wameona kwamba haiwezi kuachwa iende itakavyo.

Mama, hebu sasa uutazame uwanja wako. Kuna mtoto anayetambaa. Kuna mwingine wa miaka mitatu ambaye akiona kitu kinatembea chenyewe lazima akifuate, akipande, au atie mkono chini yake aone kinachozunguka. Kuna kuku na vifaranga. Kuna kinyonga na mjusi. Vitabu vya maelekezo vya mashine hizi vinaagiza watoto na wanyama wasiwepo zinapofanya kazi. Katika nyumba ambayo uwanja umezungushiwa ukuta na watoto wameshakua, agizo hilo linawezekana. Katika nyumba zetu nyingi, ambapo uwanja ndio sebule, ndio jiko la nje, na ndiyo njia ya mkato ya majirani kwenda dukani, agizo hilo ni gumu.

UWANJA WA TANGA SI UWANJA WA SWEDEN

Hata tukiliweka kando suala la watoto, mashine hii ilitengenezwa kwa ajili ya uwanja wa namna fulani: tambarare, msafi, usio na mawe, wenye umeme wa uhakika. Viwanja vyetu vina mambo yake.

Kwanza, kuna vitu vinavyoanguka. Chini ya mnazi kuna makuti, vidaka na vifuu. Chini ya mwembe kuna maembe mabichi yaliyopukutishwa na upepo. Visu vile vyembamba havikuumbwa kupambana na kidaka cha nazi. Itakubidi uokote kila siku kabla roboti haijatoka, na ukishaokota kila siku, nusu ya kazi umeshaifanya mwenyewe.

Pili, mawe. Sehemu nyingi karibu na bahari udongo ni mwembamba na jiwe la matumbawe limechomoza.

Tatu, umeme. Ukikatika siku moja si neno. Lakini ukiwa wa kubahatisha kwa wiki mbili katikati ya masika, majani yatakuwa yamepita kimo ambacho roboti inaweza kunyoa, na itabidi umwite mtu wa fyekeo aje kuikomboa.

Nne, waya wa mpaka. Panya huutafuna, na jembe la anayepanda mchicha pembeni huukata. Ukikatika mahali pamoja tu, roboti haitoki.

Tano, fundi na vipuri. Hewa ya bahari ina chumvi na hula chuma na nyaya. Mashine ikiharibika Raskazone, kipuri chake hakipatikani kwenye duka la vifaa Barabara ya 12.

Sita, ndago. Wengi wetu tunalalamika kwamba bustani imeingiwa na ndago. Roboti, kama fyekeo, hukata jani tu. Ndago ana viazi vidogo chini ya udongo, na huchipua tena baada ya siku chache. Dawa yake ni kung'oa na kiazi chake, kwa mkono na kwa uvumilivu.

Mwisho ni bei. Huko Ulaya roboti hizi huuzwa kuanzia mamia kadhaa ya euro hadi maelfu kadhaa, kabla ya kusafirisha na kulipia ushuru. Tuchukue mfano wa mashine itakayokugharimu shilingi 3,000,000 mpaka ifike mlangoni. Kama unamlipa kijana shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kufyeka, fedha hizo zingemlipa kwa miezi 150, yaani miaka kumi na miwili na nusu. Betri ya roboti haitaishi miaka yote hiyo bila kubadilishwa. Fanya hesabu hii kwa bei za mtaani kwako kabla hujashawishiwa na picha.

MAJANI SI TAKATAKA

Kuna jambo jingine ambalo watengenezaji wa Ulaya hawakulifikiria, nasi wa Tanga hatuwezi kulisahau. Hapa majani ni chakula. Tangu miaka ya 1980 mkoa wetu umejulikana kwa ng'ombe wa maziwa wanaofugwa mmoja mmoja au wawili wawili nyumbani, kazi iliyosaidiwa na Waholanzi, na ndiyo iliyozaa maziwa ya Tanga Fresh yanayouzwa leo mpaka miji mingine. Ng'ombe hao wengi hawatoki zizini. Wanaletewa. Ndiyo maana utaona baiskeli imebeba mzigo wa majani mpaka mwendeshaji haonekani.

Akina mama wengi ndio wenye ng'ombe hao au mbuzi, au sungura wa watoto. Kwao, uwanja uliofyekwa ni ndoo ya chakula cha mifugo. Roboti inayosaga majani na kuyaacha chini imewanyima. Ikiwa wewe hufugi, jirani yako anafuga. Mnaweza kupatana: yeye aje akate na kuchukua majani, wewe upate uwanja safi. Wengine hulipana kwa maziwa. Zingatieni mambo mawili tu. Majani yaliyopuliziwa dawa ya kuua magugu au wadudu asipewe mnyama. Na majani mabichi yaliyokatwa na mashine yasirundikwe kwenye mfuko, kwani hupata joto na kuchacha. Yatandazwe yanyauke kidogo kwanza.

KIJANA WA FYEKEO

Sasa tumfikie yule kijana. Anabisha hodi: "Shikamoo mama, leo tufyeke?" Wengine ni vijana waliomaliza shule wakakosa kazi. Wengine ni watu wazima waliowahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, ambako kufyeka kati ya mistari ni kazi inayohitaji mgongo. Fyekeo lake ndilo duka lake. Kwa nyumba kumi au kumi na tano anazozihudumia, analipa chumba, anasomesha mtoto, anamtumia mama yake fedha Lushoto au Handeni.

Hatusemi kwamba mtu akatae mashine ili tu kijana apate kazi. Mashine ya kusaga haikurudi nyuma kwa sababu kinu na mchi vilikuwepo, na hakuna mama anayelilia kutwanga. Lakini kuna tofauti. Mashine ya kusaga ilimpunguzia mama mzigo aliokuwa akiubeba bila malipo. Roboti ya majani inaondoa kazi inayolipwa, na fedha ambazo zingezunguka mtaani kwetu zinakwenda mbali. Mwenye nyumba ana haki ya kuamua, ila alipime na hilo.

Na kama tunamtumia kijana huyo, tumtendee haki. Mapatano ya bei yafanyike kabla hajaanza, siyo akishamaliza na jasho linamtoka. Alipwe siku hiyo hiyo, maana ujira wa kibarua ni chakula cha jioni. Mpe maji ya kunywa na mahali pa kivuli. Kazi ya kufyeka ifanyike asubuhi au alasiri, siyo saa sita mchana. Na kwa ajili ya amani yako na ya binti zako, tumia mtu anayefahamika mtaani, ambaye mwenyekiti wa mtaa au majirani wanamjua.

Ukitaka kumsaidia zaidi, njia ipo. Nyumba tano au sita zinaweza kuchanga mashine moja ya petroli na kumkabidhi aitunze, azihudumie nyumba zote kwa zamu, na nafasi ikibaki afanye kazi za nje. Mashine itakuwa imemwinua na kazi yake imebaki mkononi mwake. Akina mama wenye vikundi vya kuweka na kukopa wanaweza kuanza na jambo kama hili.

USALAMA WA FYEKEO NA MASHINE

Ajali nyingi za kufyeka huzuilika. Bandika mambo haya mahali pa kuonekana:

1. Okota kwanza. Kabla ya kufyeka, mawe, chupa, misumari na nyaya viondolewe. Jiwe lililorushwa na mashine ya petroli huenda kwa kasi ya kutisha na linaweza kupofusha jicho.

2. Watoto wawe ndani wakati mashine inafanya kazi, siyo barazani wakitazama. Anayefyeka kwa fyekeo naye asikaribiwe. Mkono ukiteleza, fyekeo huruka.

3. Viatu vya kufunika mguu, hasa buti za mpira, visikosekane. Kandambili si kiatu cha kufyekea. Atumiaye mashine avae na miwani ya kukinga macho.

4. Mashine ya petroli isijazwe mafuta ikiwa ya moto. Petroli isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji, maana watoto wamewahi kuinywa. Kabla ya kugusa kisu, mashine izimwe na waya wa plagi uchomolewe.

5. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kwamba mtoto asisukume mashine ya kukata majani kabla ya kufikisha umri wa miaka 12. Ushauri huo unatufaa na sisi. Kwa fyekeo, mtoto afundishwe na mtu mzima, apewe lenye kimo chake, na wasifyeke wawili wakiwa wamekaribiana. Wasichana na wavulana wafundishwe sawa. Kazi hii haina jinsia.

6. Aliyejikata aoshwe kidonda kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kibanwe kwa kitambaa safi, na apelekwe kituo cha afya. Jeraha lililoingia udongo linaweza kuleta pepopunda. Sisi akina mama huchanjwa kliniki tunapokuwa wajawazito. Akina baba na vijana wa fyekeo mara nyingi hawakumbuki walichanjwa lini. Wakumbushe.

NYOKA NA MBU

Sababu mbili ambazo kila mtu huzitaja anapofyeka ni nyoka na mbu. Sababu ya kwanza ina nguvu. Majani marefu karibu na ukuta ni maficho ya panya, na penye panya nyoka hufika. Kifutu hujilaza kimya hata akakanyagwa. Swila hutema sumu. Fyeka, ondoa marundo ya kuni na matofali yaliyogusana na ukuta, na utembee na tochi usiku. Mtu akiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye, wala usifunge kamba ya kukaza. Mtulize, kiungo kilichoumwa kisitikisike, apelekwe hospitali haraka. Sumu ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji mengi.

Sababu ya pili inahitaji maelezo. Mbu hazaliwi kwenye majani, huzaliwa kwenye maji. Yule wa malaria hupenda madimbwi yaliyo wazi na yanayopigwa na jua. Yule wa homa ya dengue, iliyotusumbua Tanga na Dar es Salaam mwaka 2019, huzaliana kwenye maji yaliyokaa katika vifuu, makopo, tairi kuukuu na vyombo vya maua, na huuma mchana. Unaweza kuwa na bustani iliyonyolewa kama zulia, na bado watoto wakaugua kwa sababu ya tairi moja nyuma ya banda la kuku. Kwa hiyo siku ya usafi, ile Jumamosi ya mwisho ya mwezi, fyekeo liongozane na jicho la kutafuta maji yaliyotuama. Na usiku chandarua chenye dawa kishuke, hata kama majani yamekatwa.

MZUNGUMZE NYUMBANI

Baada ya kuyatazama yote haya, tunashauri nini? Kwa mwenye uwanja mpana uliozungushiwa ukuta, umeme wa uhakika, fundi wa karibu, na asiye na watoto wadogo, roboti inaweza kumfaa, iwapo itafanya kazi mchana tu mbele ya macho ya mtu. Kwa mama mwenye kibustani mbele ya nyumba, ipo mashine ya kusukuma kwa mkono, isiyotumia petroli wala umeme, ambayo ni jamaa ya ile ya mwaka 1830. Hata kijana wako wa sekondari ataimudu. Kwa wengi wetu, fyekeo lililonolewa vizuri na mtu anayelipwa haki yake bado linatosha. Na hakuna aibu kuipunguza bustani yenyewe: acha sehemu iwe ya ukoka, sehemu iwe ya mchicha na matembele, na mbele ya mlango ubaki mchanga wa kufagia kama wa bibi.

Mzee wa nyumba akirudi na habari ya mashine mpya, usimkatalie papo hapo wala usikubali kwa kuogopa maneno. Kaeni chini muulizane: Uwanja wetu ni wa nini hasa, wa kutazamwa na wapita njia au wa watoto kucheza? Nani atakuwa anaiangalia mashine hii ikifanya kazi? Ikiharibika nani ataitengeneza? Fedha hizi zingefanya kazi gani nyingine mwaka huu, ada, bati, au bima ya afya? Na tukimwachisha yule kijana, tumempa taarifa mapema atafute pengine?

Kama mnaishi karibu karibu na majirani, kumbukeni nao. Mashine ya petroli isiwashwe asubuhi ya Jumapili watu wakiwa ibadani, wala Ijumaa mchana msikiti wa jirani ukiwa kwenye sala, wala mtaani penye msiba. Vipande vya majani visifagiwe kwenye mfereji wa mtaa, maana mvua itakaponyesha maji yataingia kwa mtu mwingine.

Ua safi humfurahisha kila mtu. Lakini watoto wako watakapokua watakachokumbuka ni kwamba walicheza pale bila kuumia, na kwamba mtu aliyekuja kufanya kazi nyumbani kwenu aliondoka na ujira wake mkononi.